Kabla ya binti kuingia mechi ya nyota: mambo ya kuzingatia

Kila mwezi wa Juni, majimbo mawili jirani ya Marekani, Indiana na Kentucky, huteua wasichana bora wa mpira wa kikapu waliomaliza sekondari mwaka huo na kuwakutanisha: mechi moja huku, ya pili kule. Wavulana walitangulia mwaka 1940, wasichana wakaanza 1976. Mwaka huo Judi Warren wa mji wa Warsaw alitangazwa Miss Basketball wa Indiana, yaani msichana bora wa kikapu wa sekondari jimboni, na Donna Murphy wa Newport akatangazwa wa Kentucky. Mpaka leo anayepewa heshima hiyo ndiye huvaa jezi namba 1.

Louisville, Lexington, Bowling Green na Indianapolis zina familia nyingi zinazoongea Kiswahili, hasa zilizotoka Kongo, na mabinti zetu wanacheza. Mwaliko wa mechi ya nyota ukifika nyumbani, iwe hii kubwa au ile ya wilaya, watu hupiga vigelegele, hupika, hupigia simu ukoo mzima. Ni haki yao. Ila kuna mambo ya kushughulikia mapema, na la kwanza kabisa ni magoti.

Msimu wa shule huisha Machi. Kati ya hapo na Juni kuna mitihani, mahafali na sherehe, na msichana anaweza kumaliza wiki kumi hajakimbia mbio za maana. Kisha anaingizwa uwanjani na wenzake wenye kasi kuliko karibu wote aliowahi kukutana nao, mechi mbili ndani ya siku chache. Ndani ya goti kuna kano ambayo madaktari huiita ACL. Wasichana huichana mara kadhaa zaidi ya wavulana wanaocheza mchezo uleule, na mara nyingi hakuna aliyemgusa: aliruka akatua vibaya, au aligeuka ghafla. Kupona huchukua miezi tisa au zaidi, maana yake msimu wake wa kwanza chuoni unapotea hivihivi. Basi walau wiki sita kabla, mara tatu kwa wiki, afanye dakika ishirini za kuchuchumaa, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua taratibu, magoti yakunjwe na yasiangukiane kwa ndani. Mama au baba anaweza kukaa pembeni akamtazama anavyotua. Hilo halihitaji kuujua mpira. Na viatu vipya visivaliwe siku ya mechi. Vizoee mguu kwanza mazoezini.

Kuhusu kutupa kikapuni, muulizeni kocha mstari wa pointi tatu utakaotumika. Wa sekondari uko mita 6.02 kutoka kikapuni, wa vyuo vikuu kwa wanawake ni mita 6.75. Pengo hilo linatosha kuharibu mtupo uliozoeleka miaka minne.

Jambo ambalo naona wazazi hulipuuza ni benchi. Binti huyu shuleni kwake hatoki uwanjani. Kila mpira unapitia kwake. Katika kikosi cha nyota kila mmoja alikuwa hivyo, na wanaoanza ni watano tu. Huenda akacheza dakika kumi, huenda akapewa kazi ya kumkaba mtu mmoja basi. Nimeona msichana akikaa benchi akilia kimya, jukwaani baba yake akimfokea kocha kwa Kiswahili akidhani haeleweki. Zungumzeni naye kabla ya safari. Mwambieni kwamba wengi wa wasichana hawa wameshapata vyuo, kwa hiyo hakuna mtihani pale. Mwambieni mtampenda vilevile akifunga pointi mbili. Aambiwe nyumbani, kwa lugha ya nyumbani.

Upande wa karatasi: fomu ya daktari, bima, na idhini ya mzazi kama hajafika miaka 18. Akishafika, anasaini mwenyewe, na hospitali inaweza kukataa kuwapa wazazi habari zake bila ruhusa yake. Aandike mapema nani aambiwe. Fomu inayohusu picha na jina lake isomwe yote, na mtu anayekielewa Kiingereza cha mikataba. Mwenye viza ya mwanafunzi asipokee hela ya tangazo lolote kabla ya kumwona wakili wa uhamiaji. Tena, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani, imekuwa kwa miaka mingi na kikomo cha mechi mbili za nyota kwa mchezaji anayemaliza sekondari, kwa hiyo kabla ya kukubali mwaliko mwingine, aulize ofisi ya sheria za michezo ya chuo anachokwenda. Awaulize pia tarehe ya kuripoti, maana vyuo vingi huwaita wachezaji wapya mapema Juni, na siku zinaweza kugongana.

Anayevaa ushungi amjulishe kocha mapema, rangi ilingane na jezi. Anayekula halali vivyo hivyo, kwa sababu chakula cha kikosi huagizwa kwa pamoja.

Wanaofanya kazi za zamu waombe ruhusa mara tu tarehe ikitangazwa. Mlio Bowling Green, kumbukeni saa yenu iko nyuma ya Louisville na Indianapolis kwa saa moja. Mkitoka kwa saa ya nyumbani, mtakuta robo mbili zimeisha. Na wazee nao waelezwe vizuri. Ikiandikwa 7:30 PM, kwa hesabu yetu ni saa moja na nusu jioni. Bukavu, saa hiyohiyo, itakuwa saa saba na nusu usiku, kwa hiyo bibi akitaka kumwona mjukuu wake kwenye simu alale mapema, na awepo mtu wa kumwamsha.