Sema Baba Yetu moyoni kabla hujajibu

Nina mwaka wa 11 kama mzee wa kanisa, huku Kilimanjaro, na kazi iliyonishinda kwa muda mrefu si kuomba wala kusoma Neno mbele za watu. Ni kunyamaza. Nilikuwa nikiingia nyumba ya msiba ni salamu, Zaburi ya 23, sala, chai, kwaherini. Mpaka mama mmoja mjane aliponisindikiza hadi njiani akaniambia, bila hasira yoyote: "Umeniombea vizuri, mzee. Ila hujaniuliza naumwa wapi."

Siku hizi naenda hivi, kila Alhamisi, nyumba moja tu.

Simu naizima kabla ya kupiga hodi. Mtetemo nao ni kelele. Ikitikisika mfukoni, macho yanakusaliti.

Kaa alipokaa yeye. Kama yuko jikoni kwenye kigoda anamenya ndizi, omba kisu mmenye wote. Jambo zito halitoki kirahisi mkiwa mmetazamana sebuleni kama mko barazani kwa mwenyekiti. (Vaa nguo ya kazi. Utomvu wa ndizi hautoki.)

Uliza swali moja, fupi. Bartimayo alikuwa kipofu waziwazi, na bado Yesu alimwuliza, "Wataka nikufanyie nini?"

Sasa ndipo penye kazi. Akinyamaza, usijibu. Sema Baba Yetu moyoni, taratibu, mpaka Amina. Haifiki hata dakika, lakini mara ya kwanza utaiona ndefu kuliko matangazo ya Jumapili. Niliporudi kwa yule mjane alinieleza habari za karo, akanyamaza. Nikajua amemaliza, ulimi ukaanza kuniwasha, maana ushauri wa karo ninao tele. Nikaanza sala. Sijafika nusu, akasema huku macho yako kwenye ndizi: "Shemeji zangu wanakitaka kihamba." (Kihamba ni shamba la ukoo lililozunguka nyumba.) Nilishafika pale mara tatu kabla ya siku hiyo.

"Hata mimi yalinikuta" ni marufuku. Na aya usiitumie kumnyamazisha anayelia. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila neno. Waliharibu walipofungua vinywa.

Mkifika kwenye sala, mwombee kwa maneno yake mwenyewe. Mimi nilitaja kihamba, nikataja karo. Sikusema "changamoto za kifamilia". Aliitikia Amina kabla sijamaliza.

Yaliyosemwa yaache kulekule. Hata mchungaji asiyapate kwako kama mwenyewe hajakuruhusu. Nyumbani kwangu wakiniuliza, "Mama yule anasemaje?", nawaonyesha mikono ilivyo myeusi: tumemenya ndizi.