Somo: Kutafsiri vifupi vya saa katika ratiba za TV za Kanada, Kiingereza kwenda Kifaransa

Hili ni la wenzetu mnaotafsiri kule Montreal, Ottawa na Moncton. Herufi zenyewe ni mbili au tatu tu, lakini zikikosewa mtazamaji anawasha TV kipindi kikiwa kimekwisha.

Hatua ya 1: Jua ratiba inasema nini kabla ya kugusa herufi

Wengi wanajikwaa hapa. "8 p.m. ET/PT" (ET ni saa za Mashariki, PT ni za Pasifiki) maana yake kipindi kinarushwa saa mbili usiku kwa saa za Toronto, kisha kinarushwa tena ikifika saa mbili usiku Vancouver. Kati ya hapo yamepita masaa matatu. Ila "7 p.m. ET / 4 p.m. PT" ni tukio moja linaloonyeshwa mubashara, tuseme mechi ya hoki, nchi nzima ikitazama kwa pamoja. Ya kwanza iandike "20 h HE/HP". Ya pili ni "19 h HE / 16 h HP". Usijaribu kuzifananisha ili ratiba ipendeze macho.

Hatua ya 2: Vifupi vya jumla

ET ni HE, kirefu chake "heure de l'Est". CT (saa za Kati) ni HC na PT ni HP, hizo hazina shida. MT (saa za eneo la Milima ya Rocky) inakuwa HR, kwa sababu Kifaransa cha Kanada kinataja milima yenyewe, "Rocheuses". Ukiandika HM hakuna atakayekuelewa. AT (saa za Atlantiki) ni HA. NT ni HT, maana Newfoundland kwa Kifaransa ni Terre-Neuve.

Hatua ya 3: Majira

Kukiwa na herufi tatu, ya katikati ndiyo inayobeba majira: N ni "normale", yaani saa ya kawaida, A ni "avancée", yaani saa iliyosogezwa mbele. EST ni HNE, EDT ni HAE; PST ni HNP, PDT ni HAP. Angalia HAA: A ya kwanza ni ya majira, ya pili ni ya Atlantiki.

Sehemu nyingi za Kanada saa husogezwa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudishwa Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sasa, waandishi wa Kiingereza wana tabia ya kuandika EST hata Julai. Ukiitafsiri HNE, kosa lao umelifanya lako. Andika HE tu. Inafaa mwaka mzima, na kwa maoni yangu ratiba nyingi hazihitaji zaidi ya hiyo. Tahadhari moja: sehemu kubwa ya jimbo la Saskatchewan haibadilishi saa kabisa. Regina, mji mkuu wake, iko HNC (saa ya kawaida ya Kati) mwaka mzima, kwa hiyo wakati wa kiangazi saa yake inalingana na ya Calgary, iliyo upande wa HR.

Hatua ya 4: Saa yenyewe

Ondoa a.m. na p.m., tumia masaa 24, acha nafasi pande zote mbili za "h": 8:30 p.m. ni "20 h 30". Usiku wa manane ndio mgumu. "Friday 12:30 a.m." ni "vendredi 0 h 30", yaani usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Kama kuna nafasi, andika "dans la nuit de jeudi à vendredi", umwokoe msomaji.

MASWALI YA WANACHAMA

Ottawa: Mwalimu, mteja anataka EST ibaki ilivyo, anasema kila mtu anaijua.
Jibu: Mweleze kwa upole kwamba msomaji wa Kifaransa akiona "20 h EST" anasoma neno "mashariki". Akishikilia, mpe HE, ni fupi kuliko yake.

Goma: Shikamoo mwalimu. Kaka yangu yuko Montreal, kanitumia ratiba imeandikwa samedi 20 h HE. Huku kwetu ni saa ngapi?
Jibu: Marahaba. Kanada ikiwa kwenye saa ya kawaida, Goma ni saa tisa usiku. Ikishasogeza mbele, ni saa nane usiku. Nairobi na Dar ongeza saa moja. Na huko tayari ni Jumapili, usije ukakesha Ijumaa bure.

Paris: Je, wasomaji wa Ufaransa nao niwaandikie HE?
Jibu: Hapana, dada, wengi haitawaambia kitu. Badili saa kabisa na uandike "heure de Paris". Kwa kawaida unaongeza sita: 20 h HE ni 2 h (saa nane usiku) ya kesho yake. Lakini Ulaya hubadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo kuna wiki chache mwezi Machi, na moja kabla ya Novemba kutulia, ambapo unaongeza tano. Tazama tarehe kwanza.

Moncton: Na ile "half an hour later in Newfoundland"?
Jibu: "Une demi-heure plus tard à Terre-Neuve." Newfoundland iko mbele ya Atlantiki kwa nusu saa, hivyo kipindi kinachoanza kwenu saa mbili kamili, wao kinawafikia saa yao ikisema mbili na nusu, ingawa mnatazama pamoja. Kwenye jedwali "8 p.m. (8:30 NT)" iwe "20 h (20 h 30 HT)".