Kabla Hujanunua Hisa Nairobi

Wengi huingia Soko la Hisa la Nairobi wakiulizia bei ya leo na gawio la mwaka jana. Mimi ningeanza na ripoti ya mwaka, kwenye kurasa za utawala wa kampuni. Kanuni za utawala bora za 2015, zilizotolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, zinataka angalau theluthi moja ya bodi iwe wakurugenzi huru, yaani wasio na maslahi katika kampuni, na mwenyekiti asiwe ndiye mtendaji mkuu. Kampuni isiyotimiza hutakiwa kueleza sababu, na maelezo hayo ndiyo ya kusoma kwa makini: "bado tunatafuta mkurugenzi anayefaa" ikirudiwa miaka mitatu, umeshajibiwa. Tazama pia kama mwanahisa mkubwa ndiye anayeiuzia kampuni bidhaa au kuipangisha majengo. Miamala hiyo huandikwa kwenye maelezo ya hesabu, huko nyuma kabisa ambako wasomaji wengi hawafiki.

Kisha fukua matangazo ya miaka iliyopita. Kampuni iliyoorodheshwa hutoa hesabu zilizokaguliwa ndani ya miezi minne baada ya mwaka wake wa fedha kufungwa, na ikiona faida itapungua kwa asilimia 25 au zaidi, hulazimika kutangaza mapema. Mumias Sugar ilitoa tahadhari za namna hii zaidi ya mara moja kabla ya 2019, ilipowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayekabidhiwa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, na uuzaji wa hisa zake ukasimamishwa. Aliyekuwa bado anazo hakuwa na pa kuziuza. Soko huilazimisha kampuni kusema. Kusikia ni kazi yako.

Dalali wako awe na leseni ya Mamlaka. Orodha iko wazi, ni suala la dakika chache. Upo mfuko wa kufidia wawekezaji, lakini hukulipa wewe pale dalali anaposhindwa kutimiza wajibu wake, tena kisichozidi shilingi 50,000. Bei ikiporomoka, haukuhusu.

Unapofungua akaunti ya CDS, ile ya kielektroniki ya kuhifadhia hisa zako, andika simu na baruapepe unazotumia kweli. Ilani ya mkutano mkuu hutolewa angalau siku 21 kabla, na huambatana na fomu ya kumteua mwakilishi. Huwezi kuhudhuria? Ijaze, uirudishe kabla ya muda uliotajwa humo, maana ikichelewa kura yako haihesabiwi.