Jinsi ya kupima foleni ya Dodoma na kuikokotolea gharama

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia kijana wa chuo anayefanya utafiti wa foleni hapa mjini. Alikuja na daftari limejaa idadi ya magari, akitaka kujua yanageuzwaje kuwa shilingi. Hayageuki. Magari mengi yakipita maana yake barabara inafanya kazi; foleni ikikaza kwelikweli, idadi inayopita mbele yako inashuka. Kinachopimwa ni muda.

Hatua ya 1: Chagua kipande

Usipime Dodoma nzima. Chukua kipande kimoja chenye mwanzo na mwisho unaoonekana. Kwa anayeanza napendekeza barabara ya Dar es Salaam, kutoka eneo la Bunge hadi Nanenane, kwa kuwa ndiyo njia ya wafanyakazi wanaokwenda Mji wa Serikali, Mtumba. Asubuhi wanatoka mjini, jioni wanarudi, kwa hiyo kila upande upimwe kivyake.

Hatua ya 2: Nasa namba za magari

Mnahitajika wawili, mmoja kila mwisho, na simu ambazo saa zake zinajiweka kwa mtandao. Kila mmoja anasoma namba za magari kwa sauti huku simu inarekodi. Taja saa mwanzoni mwa rekodi; muda wa kila gari utaupata baadaye ukisikiliza. Kalamu achana nayo, ukiinama kuandika gari moja, manne yameshapita.

Soma tarakimu tatu na herufi mbili za mwisho, basi. Herufi ya kwanza haikusaidii, magari mengi ni D au E. Yakiwa mengi kuliko ulimi wako, kubalianeni rangi moja, tuseme meupe tu, na wote wawili muishike hiyohiyo.

Daladala zisiingie hapa. Hiace inayosubiri ijaze kituoni haiko kwenye foleni, hata kama abiria ndani wanalalamika vilevile. Bodaboda pia hapana, zinapenya. Baadaye linganisheni rekodi mbili: gari lililosomwa miisho yote miwili, toa saa ya kwanza kwenye ya pili, huo ndio muda wake wa safari. Ukishapata orodha, panga muda huo kuanzia mfupi hadi mrefu, uchukue ule wa katikati. Ukitumia wastani wa kawaida, mtu mmoja aliyeingia sheli kujaza mafuta atakuharibia asubuhi nzima.

Barua ya utambulisho uwe nayo, na askari wa usalama barabarani wapewe taarifa mapema. Watu wawili wanaosoma namba za magari jirani na Bunge lazima waulizwe, na ni haki waulizwe. Usisimame karibu na geti.

Hatua ya 3: Weka muda wa msingi

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika, na mwenyewe huwa hajui, kwa sababu hesabu zote zinazofuata zinatoka safi kabisa.

Kuchelewa ni muda wa sasa ukitoa muda ambao safari *ingechukua* bila foleni, na huo ndio msingi. Ingechukua lini? Tuchukue mfano wa kipande cha kilomita 6, na asubuhi magari yanakitumia dakika 15. Ukilinganisha na usiku wa manane, dereva yuko kwenye 80 kwa saa na anamaliza kwa dakika 4 na nusu. Umepata kuchelewa kwa dakika 10 na nusu. Ukitumia mwendo wa kisheria wa mjini, kilomita 50 kwa saa, msingi ni dakika 7.2 na kuchelewa ni 7.8. Ukitumia saa nne asubuhi ya siku ya kazi, ambapo barabara imetulia lakini watu wapo, tuseme dakika 9, kuchelewa kunabaki 6. Barabara ni ileile, asubuhi ni ileile, na gharama ya juu inaizidi ya chini kwa asilimia 75.

Mimi situmii usiku wa manane, na yeyote anayeutumia namwuliza maswali. Kwanza unahesabu kama hasara mwendo ambao sheria yenyewe inaukataza. Pili, usiku hakuna mwanafunzi anayevuka zebra, hakuna bajaji inayogeuza, kipilefti unakikata bila kusimama. Hiyo si Dodoma ya mchana ikiwa haina foleni. Ni Dodoma iliyolala. Mji wenye watu utakuwa na kusubiriana kidogo hata barabara zikipanuliwa zote.

Tumia saa iliyotulia ya mchana, ila kwa masharti. Iwe siku ya kazi. Jumapili inavutia kwa ukimya, lakini ibada zinapotoka, njia za makanisani zina foleni yake. Usipime msingi kwa siku moja ukaridhika. Na kama mwendo uliopata umezidi ule wa kisheria, rudi kwenye 50 kwa saa.

Halafu kuna Bunge. Mkutano wa bajeti unaanza Aprili na kwenda hadi mwisho wa Juni, na kipindi hicho mji unapokea wabunge, wasaidizi, maofisa na magari yao. Msingi uliopima Mei usiutumie kwa Oktoba, wala kinyume chake. Misafara ya viongozi nayo ina yake: trafiki akishafunga njia, magari yote yanaonekana yana foleni. Siku hiyo usiifute, maana kwa mji huu msafara ni sehemu ya maisha. Iandike pembeni na uipe jedwali lake, isichanganywe na foleni inayotokana na wingi wa magari.

Hatua ya 4: Hesabu watu

Simama pale magari yanapopunguza mwendo, uhesabu vichwa. Daladala zinarudi hapa, kwa sababu nazo zimekwama na watu ndani. Ramani ya simu itakupa muda mzuri tu, ila haijui kama ndani ya gari kuna dereva peke yake au watu 30.

Hatua ya 5: Geuza kuwa shilingi

Gawanya mshahara wa mwezi kwa saa 195 (saa 45 za kisheria kwa wiki mara 4.333). Mshahara wa 585,000 unakupa 3,000 kwa saa. Anayesafiri akiwa kazini mpe thamani yote. Anayekwenda au kurudi kazini mpe nusu. Nusu hiyo ni chaguo la mpimaji, kwa hiyo iandike wazi.

Coaster yenye watu 30 wanaokwenda kazini, ikichelewa dakika 8, ni saa 4 za watu, yaani shilingi 6,000. Land Cruiser ya STK (namba za magari ya serikali) yenye watu wawili walio kazini, dakika hizohizo, ni shilingi 800 tu. Ripoti zinazotoza kila gari kiasi kimoja sizisomi hadi mwisho.

Mafuta yawe mstari wake. Gari dogo likisimama injini ikiwaka hula karibu lita moja kwa saa au pungufu, kwa hiyo usishangae muda ukiyazidi kwa mbali. Bajaji ikipandisha nauli kwa ajili ya foleni, usiongeze nyongeza hiyo juu: mafuta na muda wa dereva umeshavihesabu.

Ukitaka ya mwaka, zidisha kwa siku za kazi, si 365, na siku za Bunge uzizidishe kwa namba zake.