Kijana amekuja kwa kikohozi: jinsi ya kumpima hatari ya kuvuta sigara

Kijana akija zahanati kwa mafua ya baridi ya Juni, kidonda cha mpira au fomu ya afya ya shule, dakika tano za ziada zinatosha.

Hatua ya 1: Mzazi asubiri nje. "Mama, tupishe kidogo nimpime, nitakuita." Ukimuuliza mbele ya mama yake atakataa, na huwezi kuliamini jibu hilo. Mwambie mnayoongea hayafiki nyumbani wala shuleni, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini.

Hatua ya 2: Anza na wenzake. Darasani kwenu wapo wanaovuta? Rafiki zako je? Nyumbani? Kisha: wewe umewahi, hata pafu moja? Taja fegi, shisha, sigara ya kielektroniki na ugoro, kimoja kimoja. Ukisema "sigara" tu, mvuta shisha atajibu hapana bila kudanganya.

Kwa wanaotoka Chunya, kunakolimwa tumbaku, uliza pia kazi za shamba. Kichefuchefu, kutapika na kizunguzungu baada ya kuchuma majani mabichi ya tumbaku yenye umande hutokana na nikotini iliyopenya kwenye ngozi. Huyo si lazima awe mvutaji.

Hatua ya 3: Ambaye hajawahi kujaribu. Wengi huishia hatua ya pili, na hapo ndipo vijana wanapotuponyoka. Muulize:

- Unadhani utajaribu sigara karibuni?
- Unadhani utavuta ndani ya mwaka mmoja ujao?
- Rafiki yako wa karibu akikupa, utavuta?

Msomee majibu polepole: ndiyo kabisa, huenda ndiyo, huenda hapana, hapana kabisa. Aliye salama ni yule aliyejibu "hapana kabisa" mara zote tatu. "Sidhani", "inategemea", au kicheko huku anaangalia viatu, hesabu yuko hatarini. Usimtikisie kichwa wakati anafikiri, maana atakupa jibu analoona unalitaka.

Usimhubirie saratani, mtoto wa miaka 14 haiogopi. Ongea habari ya pumzi uwanjani, harufu kwenye sweta, hela. Kisha mfanyishe zoezi: "Kijiweni wakikupa, utasemaje?" Aseme kwa sauti, si kuitikia tu.

Hatua ya 4: Anayevuta. Sigara ya kwanza anaivuta muda gani baada ya kuamka? Ndani ya dakika 30 ni dalili ya utegemezi mkubwa. Lakini kijana hunaswa hata kwa sigara chache kwa wiki, hivyo uliza pia kama amewahi kujaribu kuacha akashindwa. Akisema ndiyo, mchukulie ameshanaswa.

Kama mna kipimo cha kupuliza cha kaboni monoksaidi (gesi iliyomo kwenye moshi wa sigara na wa mkaa), kwanza uliza kama ametoka kuota jiko la mkaa. Asubuhi za baridi kama za Makete au Njombe, mkaa peke yake unaweza kuipandisha namba. Na aliyevuta jana mchana anaweza kusomeka safi, kwani gesi hiyo hupungua nusu kila baada ya saa chache.

Hatua ya 5: Tarehe na kumbukumbu. Kubalianeni siku ya kuacha ndani ya wiki mbili, arudi wiki moja baada ya siku hiyo. Majibu yaandike kwenye faili la kituo. Daftari la matibabu analolibeba mama, liandike kikohozi na dawa tu.