Somo: Kuku anayetaga mayai laini yasiyo na ganda gumu

Swali hili linarudi kila mara, na majibu yake yametapakaa kila mahali. Nimeyakusanya hapa ili mtu akiuliza tena aelekezwe huku. Ninazungumzia yai linalobonyea mkononi kama puto la maji: ute na kiini vimo, utando upo, ganda hakuna au ni jembamba mno.

Hatua ya 1. Mjue mtagaji. Asubuhi, kabla hujafagia, angalia chini ya fito wanazolalia. Mayai haya mara nyingi hudondoka usiku na hayafiki kwenye kiota. Akiwa kuku mmoja, tatizo ni lake. Likiwa banda zima kwa ghafla, chunguza chakula, joto au ugonjwa.

Hatua ya 2. Angalia umri. Tembe anayeanza kutaga akitoa mawili matatu laini, mwache, mwili bado unajipanga.

Hatua ya 3. Chakula cha msingi kiwe cha kuku wa mayai. Hicho kina kalsiamu, madini yanayojenga ganda, kati ya asilimia 3.5 na 4.5, kile cha kukuzia kina kama asilimia 1, na mahindi matupu karibu hayana kitu. Ukimwaga mahindi kutwa nzima juu ya chakula kizuri, umekizimua. Nafaka iwe ukufi mmoja tu.

Hatua ya 4. Kalsiamu ya pembeni. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo soma polepole. Ganda moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu, na kwa kuwa kuku hafyonzi yote anayokula, mahitaji yake ya siku hufika kama gramu 4. Weka maganda ya chaza au ya konokono yaliyopondwa kwenye chombo chake, mbali na chakula. Usichanganye! Kuku anayetaga anajijua, atadonoa kwa bidii. Jogoo na anayepukutisha manyoya watapita tu. Ukichanganya, unamlisha kwa nguvu asiyehitaji, na anayehitaji zaidi hapati ziada. Chembe ziwe za kukwaruza, milimita 2 hadi 4, si unga mtupu.

Onyo: chokaa ya kujengea au ya kupaka ukutani USIWAPE. Inaunguza mdomo na koo. Chokaa ya mifugo ni jiwe la chokaa lililosagwa bila kuchomwa. Gunia lisiloandikwa kuwa ni la mifugo liache.

Onyo jingine: vifaranga na tembe wasioanza kutaga wasile chakula cha watagaji. Kalsiamu nyingi inaharibu figo zao. Kama wanakaa banda moja na wakubwa, wape wote chakula cha kukuzia, kisha chombo cha maganda kiwepo kwa ajili ya watagaji.

Hatua ya 5. Watoke juani. Jua huwasaidia kutengeneza vitamini D3, na bila hiyo kalsiamu haifyonzwi ipasavyo.

Hatua ya 6. Maji safi na kivuli. Kuku anayehema kwa joto anapoteza kaboni dayoksaidi, damu inapungukiwa na kile kinachotengeneza ganda, na yai linatoka jembamba hata kama amekula vizuri.

Hatua ya 7. Ziba matundu ya panya. Kuku akishtuliwa usiku anaweza kuliachia yai kabla halijaiva.

Hatua ya 8. Subiri wiki moja hadi mbili. Ukiona mafua, kukoroma au utagaji kuporomoka, mwite daktari wa mifugo. Bronkaitisi ya kuambukiza na kideri huharibu maganda pia, na hapo kalsiamu haisaidii.

MASWALI

Mfugaji_mpya: Sijasoma yote, nina haraka. Niwape dawa gani?

Jibu: Unawalisha nini?

Mfugaji_mpya: Mahindi na pumba.

Jibu: Hatua ya 3.

Banda_la_nyuma: Jirani yangu anawapa chokaa ya ukutani na hajafiwa na hata kuku mmoja. Mnatutisha bure.

Jibu: Sikutishi, ndugu. Chokaa iliyochomwa ikikutana na unyevu wa koo inaunguza, na kuku hana namna ya kukuambia anaumia. Maganda ya mayai unayo jikoni. Yakaushe kwa moto, yaponde hadi yasifanane kabisa na yai, uwape.

Mama_Tembe: Samahani, kwa nini umesema chembe kubwa, si unga? Unga si ndio unayeyuka haraka?

Jibu: Swali zuri, dada. Hiyo haraka ndiyo tatizo. Ganda hujengwa kwa takriban saa 20, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, kuku akiwa amelala hali kitu. Unga aliokula mchana umeshapita. Chembe kubwa zinabaki kwenye firigisi zikiyeyuka kidogo kidogo hadi alfajiri. Zikikosekana, anachota kwenye mifupa yake, na akichota sana mifupa inadhoofika. Hakikisha chombo kina maganda jioni kabla hawajapanda kulala.

Mama_Tembe: Asante sana. Na mchicha? Nawapa kila siku.

Jibu: Wape, ila usiwe ndio mlo. Mchicha na spinachi zina oksaleti inayoishika kalsiamu isifyonzwe. Changanya na majani mengine.

Kiota_safi: Nyongeza: okoteni mayai laini mapema. Yakipasuka wanayaonja, na kuku akishazoea kula mayai kumwachisha ni kazi. Viota viwe na giza na nyasi nyingi.

Jibu: Kweli kabisa. Nanyi msiyale. Bila ganda, vijidudu vya kinyesi vinaingia kirahisi.

Banda_la_nyuma: Sawa, chokaa nimeacha. Ila mmoja tangu asubuhi amesimama wima, mkia chini, anasukuma hakitoki kitu.

Jibu: Huyo huenda yai limemkwama, usingoje. Mkalishe kwenye maji ya uvuguvugu kama dakika 20, mkaushe, muweke mahali penye giza na utulivu, na maji ya kunywa karibu. Usimminye tumbo, yai likipasukia ndani unaweza kumpoteza. Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, usisubiri jioni.