Somo: Kutafuta chanzo cha harufu ya petroli ndani ya gari

Gari lililo zima halinuki petroli, labda kwa dakika chache tu baada ya kujazwa mafuta. Ukiisikia harufu hiyo siku ya pili na ya tatu, ujue kuna mahali mafuta au mvuke wake unatoka. Msingi wa somo hili ni mmoja: kabla ya kushika spana, chunguza harufu inakuja wakati gani, kwa sababu wakati huo ndio utakaokuonyesha pa kuanzia.

Hatua ya kwanza: usalama. Egesha gari nje, mahali penye upepo, uzime injini na kufungua milango yote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini na kutuama kwenye mashimo na pembe za gereji, na kiasi cha takriban asilimia 1.4 hewani kinatosha kushika moto. Usitumie kibiriti wala taa ya moto kumulikia. Tumia tochi ya betri, na uiwashe kabla hujasogea karibu na gari. Weka karibu kizima moto cha unga. Ukikuta petroli inadondoka, usijaribu kuwasha injini wala kuchomoa nyaya za betri, kwa kuwa cheche moja inatosha. Waondoe watu na umwite fundi aje mahali gari lilipo.

Hatua ya pili: harufu inakuja lini? Pua huzoea harufu upesi sana, hivyo acha gari limefungwa usiku kucha, kisha asubuhi fungua mlango mmoja baada ya mwingine ukinusa kabla ya kuwasha. Harufu iliyo kali upande wa siti ya nyuma au kwenye buti huelekeza kwenye tangi. Inayotoka chini ya boneti, hasa mara tu baada ya kuzima injini yenye joto, huelekeza kwenye nozeli, yaani vifaa vidogo vinavyopuliza petroli kwenye injini, na mipira ya kupitishia mafuta. Ikiwa unaisikia ukiwa umesimama huku injini inaunguruma, na ekzosi inatoa moshi mweusi, huenda hakuna kinachovuja, bali injini inapewa mafuta mengi kuliko inavyoweza kuunguza.

Hatua ya tatu: mfuniko na shingo ya tangi. Ukaguzi huu ni wa dakika mbili. Fungua mfuniko, upinde mpira wake kidogo kwa kidole, na utazame kama umepasuka au umekauka. Angalia pia kutu kwenye mdomo wa tangi, kwa sababu mpira mpya hauwezi kuziba juu ya chuma kilicholika.

Hatua ya nne: juu ya tangi. Hapa ndipo ninapowaomba wenzangu wasipite haraka. Katika magari mengi pampu ya mafuta imo ndani ya tangi, na hufikiwa kwa kuinua siti ya nyuma na kufungua kifuniko kidogo cha chuma. Mimi mwenyewe nilipoteza siku mbili nikikagua injini ya gari langu, kumbe tatizo lilikuwa chini ya siti: vumbi lote lililozunguka pampu lilikuwa kavu na jepesi, isipokuwa upande mmoja, upana wa vidole viwili, ambapo lilikuwa limeshikana kama udongo wenye unyevu. Mpira wa kuzibia pampu ulikuwa umebanwa vibaya baada ya pampu kubadilishwa. Kwa hiyo, kama gari lako lilifanyiwa kazi ya pampu hivi karibuni, anzia hapo.

Hatua ya tano: chini ya gari na injini. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi imara. Fuata bomba la mafuta kutoka kwenye tangi hadi mbele, ukitazama viungo, filta na sehemu zenye kutu. Petroli hukauka haraka, kwa hiyo mara nyingi hutakuta tone, bali sehemu iliyooshwa vumbi au doa la kahawia. Kwenye injini iliyopoa, pitisha karatasi laini nyeupe kuzunguka shina la kila nozeli, kisha uinuse. Usilegeze kiungo chochote kabla ya presha kutolewa, kwa sababu mfumo wa kawaida wa nozeli hubaki na presha ya takriban baa 3 hata injini ikiwa imezimwa, na injini zinazopuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda zina presha kubwa zaidi, ambayo ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Maswali ya wanachama

*Gari langu linanuka nikijaza tangi hadi juu tu. Likifika nusu, harufu inaisha. Je, ni mfuniko?*

Inawezekana, lakini ningeanza na mpira wa pampu na mipira midogo ya mvuke iliyo juu ya tangi, kwa kuwa mafuta huifikia tangi likijaa. Pia acha kuongeza baada ya bomba la kujazia kujikata lenyewe. Mafuta ya ziada yanaweza kuingia kwenye kopo la mkaa linalonasa mvuke, na mkaa ukishalowa hauwezi kunasa vizuri.

*Sioni uvujaji popote, ila kijiti cha kupimia oili kinanuka petroli.*

Tazama kama oili imepanda kupita alama ya juu. Ikiwa imepanda, petroli inashuka kwenye oili, na nozeli isiyofunga vizuri ni miongoni mwa sababu zake. Usiendelee kuliendesha, maana oili iliyochanganyika na petroli inakuwa nyepesi na hailindi beringi. Rekebisha chanzo kwanza, ndipo ubadilishe oili na filta yake.

*Dumu la petroli lilimwagikia kwenye buti wiki iliyopita. Je, nikague mfumo wote?*

Kwanza toa zulia na sponji iliyo chini yake, uvianike nje mbali na moto, na uache buti wazi. Sponji hushika petroli kwa siku nyingi hata juu pakiwa pamekauka. Endesha gari siku mbili bila zulia hilo. Harufu ikirudi, rudi kwenye hatua ya tatu.